Kinanda cha Kununua ni Kile Kinachokubali Kufundishwa

Msimu wa harusi ukikaribia, hasa Mfungo Mosi na Mfungo Pili, simu yangu huwa haitulii. Swali ni moja: "Mwalimu, ninunue kinanda gani?" Mara huwa ni kijana anayetaka kuanza kupiga harusini, mara mzazi ambaye mtoto wake ameonyesha hamu ya muziki, mara kikundi cha kina mama wa mtaani waliochangishana. Kila mmoja hutaja pesa alizonazo, kisha husubiri jina. Nami huwajibu kwa swali: utapiga nini, na utakipigia wapi?

Nimepiga kinanda harusini kwa miaka mingi, na nyumbani nafundisha. Naandika makala haya ili jibu langu likae mahali pamoja, maana kinanda kwa wengi wetu ni mali ya kuwekea akiba miezi mingi. Isitoshe, anayekinunua hanunui chake peke yake. Kikishaingia ukumbini, ndicho kitakachoamua nyimbo zetu zitasikika vipi kwenye harusi za mtaa mzima.

Tunazungumzia kinanda cha aina gani

Dukani utakuta vyombo vitatu vinavyofanana kwa mbali. Piano ya dijitali ina funguo 88 nzito na sauti chache nzuri. Sinthesaiza ni chombo cha kutunga na kuchonga sauti. Cha tatu, ambacho ndicho tunachokiona harusini, ni kinanda chenye mapigo ndani yake, ambacho watengenezaji hukiita areinja. Mkono wa kushoto unashika kodi, na mashine inapiga ngoma, besi, gitaa na fidla kuifuata kodi hiyo. Mkono wa kulia unapiga wimbo. Mtu mmoja anasikika kama bendi.

Taarabu ya Mombasa haikukiogopa chombo chenye funguo. Hamoniamu ya Kihindi ilikuwamo zamani, na tashkota yenye vitufe kama vya taipureta ilipata nafasi yake na mashabiki wake. Huko Misri, ambako wazee wetu walisikiliza sana, ogani ya umeme iliingia katika okestra za Abdel Halim Hafez, na mpigaji wake Magdi el-Husseini akawa na jina lake mwenyewe. Kwa hivyo ubishi wa kwamba kinanda si chombo chetu umepitwa na wakati. Swali lililobaki ni kama kinanda unachokinunua kinaweza kusema lugha yetu. Kikitoka kiwandani hakiijui. Ni lazima kikubali kufundishwa, na hapo ndipo vinanda vinapotofautiana.

Somo la kwanza: robo toni

Kinanda cha kawaida kimegawa oktavu moja katika hatua 12 zilizo sawa. Kila hatua hupimwa kuwa senti 100. Muziki wa Kiarabu, ambao taarabu imechota kwake, una noti zinazokaa katikati ya hatua hizo, takriban senti 50. Ndizo robo toni.

Maqamu kadhaa hazizihitaji. Nahawandi, Ajam na Kurdi hupigika kwenye funguo za piano bila tabu, na Hijazi pia huvumilika. Lakini Rasti ikianzia Do, noti za Mi na Si hushushwa nusu ya hatua. Bayati ikianzia Re, Mi hushushwa vivyo hivyo, na Saba nayo inaitaka Mi hiyo hiyo. Sika ndiyo huanzia papo hapo penye robo toni. Ukiipiga Rasti kwenye kinanda kisichoshusha noti, inageuka wimbo wa shule. Msikilizaji hatajua kueleza kilichoharibika, ila mzee wa pembeni atakunja uso.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza dukani ni hili: je, kinanda kinaweza kushusha noti moja moja kwa kiasi ninachotaka? Uwezo huo huitwa kurekebisha skeli. Usidhani kila kinanda unao, wala usikubali kuambiwa "upo" bila kuonyeshwa. Ukishaonyeshwa, uliza mambo matatu zaidi. Kwanza, naweza kuwasha na kuzima robo toni kwa kitufe kimoja huku napiga, au ni lazima niingie kurasa tatu za menyu? Wimbo mmoja wa taarabu unaweza kutoka Rasti ukaingia Nahawandi na kurudi. Pili, naweza kuihifadhi skeli pamoja na sauti na mapigo ya wimbo, ili nikibonyeza namba vyote vije pamoja? Tatu, nikimshushia mwimbaji sauti kwa kitufe cha kuhamisha ufunguo, maqamu yangu inabaki sawa au inavurugika? Hilo la tatu usilikubali kwa maneno. Lijaribu hapo hapo.

Kuna mtego mmoja ambao wanafunzi wangu wote hukutana nao. Mkono wa kulia unapiga Rasti yenye Mi iliyoshushwa, na mkono wa kushoto umeshika kodi ya Do kubwa. Mashine inapiga Mi ya piano. Mi mbili zinagombana, na mpigaji anadhani kinanda ni kibovu. Dawa zipo mbili. Unaweza kuzima gitaa na fidla za mashine ukabaki na ngoma na besi, au unaweza kushika kodi isiyo na noti ya tatu, yaani Do na Sol tu. Vinanda vya Yamaha vya daraja la kati na juu huitambua kodi hiyo ya noti mbili. Kwa taarabu mimi huzima. Muziki wetu unabebwa na wimbo na ngoma, na kodi nyingi huufunika.

Somo la pili: mapigo yetu

Wauzaji hupenda kuhesabu. Sauti 600! Mapigo 200! Hesabu hizo si uongo. Yamaha PSR-E373, ambayo ni ya wanaoanza, ina sauti 622 na mapigo 205. Lakini pitia orodha hiyo ya mapigo uone utakayotumia harusini. Utapata rumba, bolero na cha-cha-cha. Kwenye vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu utapata maksum, saidi na khaliji, na haya yatakusaidia sana. Chakacha mimi sijaikuta kwenye orodha yoyote ya kiwandani.

Chakacha hutembea kwa sita kwa nane, na utamu wake umo katika jinsi chapuo inavyozungumza na vumi. Vijana wengi wanaokosa pigo hilo kwenye kinanda huchukua pigo lolote la Kilatini lenye mwendo unaokaribiana, wakaongeza kasi. Kina mama huinuka wakacheza, kwa kuwa harusi ni harusi, lakini kiuno hakipati mahali pa kushuka. Pigo hilo likirudiwa kila wiki kwa miaka, watoto watakua wakidhani ndiyo chakacha yenyewe.

Kwa hiyo swali la pili dukani: je, naweza kutengeneza pigo langu ndani ya kinanda hiki na kulihifadhi? Hapa kuna ngazi tatu. Vipo vinanda ambavyo mapigo yake ni yale yale ya kiwandani. Vipo vinavyokubali kupakiwa mapigo yaliyotengenezwa kwingine, lakini huwezi kuyatunga humo ndani. Na vipo vinavyokuruhusu kurekodi pigo mwanzo hadi mwisho: utangulizi, mzunguko mkuu wenye hatua zake, kichombezo cha kuvukia, na mwisho. Katika Yamaha na Korg pigo moja lina njia nane. Yamaha wana mbili za ngoma, moja ya besi, na zilizobaki ni za kodi na vipambo. Korg wana ngoma, vyombo vidogo vya kupigwa, besi, na tano za kusindikiza. Anza na ngoma na besi pekee. Keti na mpiga ngoma anayeijua chakacha, mwache apige polepole, nawe uingize kila ngoma peke yake. Jioni mbili zinatosha kupata pigo litakalokulisha miaka.

Na mpiga ngoma huyo usimwache nyumbani siku ya harusi. Mwenye kinanda anapoweza kuwa bendi nzima, kishawishi cha kwanza ni kuwafuta wenzake kwenye malipo. Nawaelewa wanaofanya hivyo, kwa maana wenye harusi nao hubana pesa. Lakini ngoma mbili za mkono juu ya besi ya kinanda hubadilisha ukumbi kwa namna ambayo mashine haiwezi, na jina lako hupanda. Chagua kinanda ambacho njia ya ngoma huzimwa kwa kitufe kimoja, ili uamuzi huo uwe mikononi mwako kila usiku.

Ukumbini: tazama mgongo wa kinanda

Watu hutazama skrini. Mimi hukigeuza kinanda nikatazama nyuma. Je, kina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, au kina tundu moja tu la hedifoni? Vinanda vingi vya wanaoanza vina hilo moja tu. Ukichomeka waya wa miksa humo, kwa kawaida spika za kinanda hunyamaza, na kama fundi wa mitambo hakukuwekea spika yako jukwaani utapiga bila kujisikia. Kwa anayelenga harusi, matundu mawili ni lazima. Kama ukumbi wenyewe unatumia njia moja tu, chomeka upande wa kushoto, ambao kwa kawaida huandikwa kuwa ni wa mono. Ukichomeka kulia peke yake utapoteza nusu ya sauti.

Pili ni uzito wa mguso. Funguo zinapaswa kuhisi ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole. Yamaha PSR-F52 ni kinanda kizuri cha mtoto kujifunzia, lakini funguo zake hazihisi mguso, na nai au fidla isiyopanda wala kushuka huchosha masikio. Tatu ni gurudumu la kupinda sauti lililo upande wa kushoto. Bila hilo huwezi kuteleza baina ya noti mbili kama fidla, na taarabu bila mtelezo ni kavu. Nne ni idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja. Pigo la mashine hula noti nyingi. Kwenye kinanda cha noti 48, ukizidisha vyombo utasikia sauti zikikatika, ilhali 64 zinatosha wengi na 128 ni raha.

Tano ni uzito wenyewe. PSR-E373 ina kilo 4.6, PSR-SX600 ina kilo 8.1, na PSR-SX900 ina kilo 11.5. Ongeza stendi, mfuko, nyaya na pedali, kisha jiulize kama utapanda tuktuk au unalo gari.

Nyumbani

Kwa matumizi ya nyumbani mahitaji ni mepesi zaidi. Spika za ndani zenye sauti safi kwa chini zinatosha, maana nyumba zetu za Mji wa Kale zimeshikana ukuta kwa ukuta na jirani hakuchagua kusikia zoezi lako. Tundu la hedifoni ni la lazima. Betri ni neema: PSR-E373 na PSR-E473 hutumia betri sita ndogo za AA, na umeme ukikatika mtoto huendelea na somo.

Kwa mtoto anayeanza, funguo 61 zinazohisi mguso zinatosha. Usimnunulie kikubwa kwa kutumaini kwamba atakua nacho. Mnunulie kinachomfanya akae chini kila siku dakika ishirini. Lakini kama nyumbani na harusini ni kinanda hicho hicho, chagua kwa mahitaji ya harusi. Kinanda cha harusi hutumika nyumbani, ilhali cha nyumbani mara nyingi hukwama ukumbini.

Majina machache ya kuanzia

Bei sizitaji kwa kuwa hubadilika kila meli inapotia nanga. Nitataja ngazi.

Ngazi ya kwanza ni PSR-E373 na Casio CT-X700. Zote zina funguo 61 zinazohisi mguso, na zote hazina gurudumu la kupinda sauti. Casio za aina ya CT-X zina sifa moja isiyozungumzwa sana: ndani yake mna skeli zilizokwisha pangwa, zikiwemo za Kiarabu na za Kihindi. Kwa anayejifunza taarabu kwa pesa kidogo, hilo ni jambo kubwa.

Ngazi ya pili ni PSR-E473 na Casio CT-X3000 au CT-X5000. Hapa unapata gurudumu na noti 64 kwa pamoja. E473 ina pia tundu la maikrofoni. CT-X3000 na CT-X5000 zinakuruhusu kuhariri mapigo na kuhifadhi yako.

Ngazi ya tatu ni ya kazi: PSR-SX600, SX700 na SX900 za Yamaha, na Pa700 au Pa1000 za Korg. Hizi zinakubali masomo yote mawili, skeli na mapigo. SX900 ina matundu ya ziada ya kutolea sauti, hivyo ngoma inaweza kwenda kwa fundi peke yake.

Kuna pia vinanda vilivyotengenezwa mahususi kwa muziki wa Mashariki: PSR-A350, PSR-A5000 iliyotoka mwaka 2021, na Pa700 ya toleo la Oriental. Hivi huonekana zaidi Ghuba. Ukiwa na ndugu Dubai au Maskati, mwagize akakijaribu dukani kabla ya kulipa, na umpe orodha ya maswali yaliyo hapo juu.

Cha mtumba, umeme na chumvi

Kinanda kilichotumika si aibu, na mara nyingi ndicho chenye thamani kuliko kipya cha bei ile ile. Bonyeza kila ufunguo mara mbili, kwa upole na kwa nguvu. Ufunguo unaolia kwa nguvu tu una mpira uliochoka. Fungua mlango wa betri utafute kutu. Chomeka flashi uone kama inasomwa. Kiache kimewaka saa nzima.

Soma maandishi ya umeme kabla ya kuchomeka. Kwetu umeme ni volti 240. Kilichotoka Japani kinaweza kutaka volti 100, na cha Marekani 120, navyo vikichomekwa moja kwa moja hufa siku hiyo hiyo. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina tatizo. Usibadilishe adapta kwa sababu tundu limeingia: PSR-E hutaka volti 12 na PSR-SX volti 16. Harusi za chini ya turubai hutegemea jenereta, kwa hiyo stebilaiza iwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo.

Adui wa mwisho ni upepo wetu wenyewe. Chumvi na unyevu hula matundu na viunganishi polepole. Funika kinanda kila unapomaliza, kifute kwa kitambaa kikavu, na usikiweke karibu na dirisha linaloelekea bahari. Mapigo uliyoyatunga yaweke kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani. Kinanda kikiibwa utanunua kingine, lakini chakacha uliyoifundisha kwa jioni mbili haiuzwi dukani.

Dakika ishirini dukani

Nenda na mwimbaji au mtu mwenye sikio. Piga Rasti kutoka Do, washa na uzime robo toni ukiwa katikati ya wimbo. Hamisha ufunguo hatua mbili, upige tena. Zima kodi, bakisha ngoma na besi. Mwambie muuzaji akuonyeshe pahali pa kurekodi pigo, nawe urekodi mzunguko mmoja hata kama ni wa vidole viwili, uhifadhi, uzime kinanda, ukiwashe, uone kama upo. Kigeuze utazame matundu. Kibebe hadi mlangoni na kurudi.

Kikifaulu yote hayo na mfuko wako unakiweza, kinunue, hata kama cha pembeni yake kina sauti mia tatu zaidi. Kikishindwa somo la robo toni au la mapigo, kinaweza kuwa kinanda kizuri cha mtu mwingine mwenye muziki mwingine. Wewe subiri mwezi mmoja zaidi, ongeza akiba, na katika mwezi huo mtafute mpiga chapuo wa mtaani kwenu mkae mfanye mazoezi. Utamhitaji siku kinanda kitakapofika.